Tisheti ya Idi Amin: Kabla Hujaivaa, Muulize Bibi wa Missenyi

Kuna staa mmoja wa muziki hapa mjini, jina kapuni, aliyeamka siku moja akaona kiki imepungua. Hakuwa na wimbo mpya, hakuwa na bifu, wala hakuwa ameachwa. Akavaa tisheti nyeusi yenye sura ya Idi Amin kifuani, ile ya kofia ya kijeshi na medali mpaka karibu na kitovu, akaegemea gari, akapigwa picha, akaiposti. Kapsheni ilikuwa fupi tu: "Mwamba wa Afrika. Wazungu walimbeba mabegani."

Mashabiki wakalipuka. "Huyu ndiye alikuwa mwanaume." "Tungekuwa naye mmoja leo, Afrika ingekuwa mbali." Mchambuzi mmoja wa kujitegemea, wale wenye chaneli, kiti cha ofisini na ramani ya dunia ukutani, akaidaka ile picha na kuitengenezea video ya dakika tatu: Amin alivyowatimua Wahindi, Amin alivyomtania Malkia, Amin alivyosimama peke yake mbele ya mabeberu. Muziki wa kutisha nyuma, sauti nzito, mwisho anaomba watu wamfuate.

Katikati ya shangwe hiyo dada mmoja akaandika mistari michache. Kwao ni Missenyi, ng'ambo ya Mto Kagera. Mwaka 1978 bibi yake alivuka mto kwa mtumbwi usiku, mtoto mgongoni, na mume aliyebaki nyuma kuangalia ng'ombe hakuonekana tena mpaka leo. Dada hakutukana mtu. Aliuliza tu: "Kaka, na babu yangu nimvae wapi?"

Majibu aliyopata ndiyo yanayofanya jambo hili lisiwe la tisheti tena. "Punguza povu dada." "Ni fasheni tu, mbona unakuza mambo." "Wahaya bwana, kila kitu nyie." Mwingine akamwambia hizo stori za babu ni propaganda za Wazungu, aende akasome historia. Yaani mjukuu wa mtu aliyepotelea vitani anaambiwa akasome historia na mtu aliyeisomea historia hiyo kwenye bando la siku moja.

Sasa twende taratibu, maana staa huyu hayuko peke yake, na kumtukana hakusaidii kitu. Swali la maana ni hili: huyo Amin aliyeko kifuani kwake, alimtoa wapi?

Alimtoa kwenye picha. Ile picha maarufu ipo kweli, haikutengenezwa na kompyuta. Ni ya Julai 1975, Kampala, wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi za OAU. Amin ameketi kwenye kiti, Wazungu wanne wamembeba mabegani. Hao walikuwa wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa wakiishi Kampala, na shughuli yenyewe ilikuwa hafla ya kuwafurahisha wanadiplomasia. Ilikuwa sinema, na mwongozaji wake alikuwa Amin mwenyewe. Alijua kamera ziko wapi. Alijua Mwafrika yeyote aliyewahi kuambiwa "boi" angeiona picha ile na kucheka mpaka machozi. Na kicheko hicho kilikuwa halali kabisa, kwa sababu kwa miaka mingi waliobebwa kwenye machela walikuwa Wazungu, na mabega yalikuwa ya Waafrika.

Ila picha haisemi nani hakuwepo. Tanzania iligoma kwenda kwenye mkutano ule. Haikutaka kukaa chini ya uenyekiti wa mtu ambaye Waganda walikuwa wakitoweka kila wiki kwenye nchi yake.

Wala picha haisemi Amin alitoka wapi. Huyu anayeitwa kiboko ya mabeberu alijiunga na jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, mwaka 1946. Akapanda vyeo humo humo. Miaka ya 1950 alipelekwa Kenya kuwasaka Mau Mau, yaani wapigania uhuru wenyewe, akiwa na sare ya mkoloni. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru, kikosi chake kiliua wafugaji wa Kiturkana kaskazini mwa Kenya, na wakubwa wa Kiingereza wakaona bora kesi isifike mahakamani. Alipopindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kumtambua. Mwaka huohuo alikwenda Israel, akaenda London, akala chakula na Malkia.

Kwa hiyo ukisema mabeberu walimchukia tangu mwanzo, umeanza stori katikati. Walimlea, wakamfundisha bunduki, wakamfunika alipoua wafugaji, wakampigia makofi alipochukua nchi. Waligombana baadaye, alipoomba silaha na pesa wakakataa kumpa alichotaka. Hata cheo chake cha "Mshindi wa Dola ya Uingereza" alijipa mwenyewe, kama vile mtu anavyojiita "Simba" kwenye jina la akaunti.

Baada ya picha, zinakuja muvi. Na hapa ndipo wengi hujiona wamesoma.

Ya kwanza ni ile ya mwaka 1974, filamu ya kumbukumbu iliyotengenezwa na Barbet Schroeder. Klipu nyingi za Amin akicheka, akipiga kodiani, akionyesha mamba na tembo kwa fahari, zimetoka humo. Vijana wanazituma kwenye magrupu kama vichekesho. Humo pia kuna kikao cha baraza la mawaziri. Amin anaongea, mawaziri wanaandika kwenye madaftari kama wanafunzi wa darasa la tano. Anaisema vibaya kazi ya waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga. Muda mfupi baadaye mwili wa Ondoga ukaokotwa Mto Nile. Hiyo ndiyo video watu wanayoiwekea vikatuni vya kucheka.

Na kuna jingine kuhusu filamu hiyo ambalo wenye chaneli hawalisemi. Amin alipojua ina vipande asivyovipenda, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa wakiishi Uganda kwenye hoteli mjini Kampala, akaizungushia wanajeshi, kisha akampa mtengenezaji ujumbe: kata vipande hivyo, la sivyo hawa watu wako. Akakata. Alivirudisha baada ya Amin kuanguka. Yaani mtu huyu aliteka watu kwa ajili ya kuhariri muvi. Msanii anayelalamika nyimbo zake kufungiwa angepaswa kulikumbuka hilo kabla ya kumvaa.

Ya pili ni ile ya mwaka 1981 iliyotoka kwa watengenezaji wa Kenya, Joseph Olita akiigiza kama Amin. Wazee waliokaa kwenye majumba ya sinema enzi hizo wanaikumbuka, na watoto wao wakaja kuiona kwenye vibanda umiza. Ile ilimfanya Amin kuwa zimwi la kula nyama za watu. Ilitisha, na watu walitoka wakiwa wamekunja sura, lakini ilifanya kosa kubwa: zimwi halina sababu. Ukishamwita mtu zimwi, huulizi tena alilelewa na nani, alilipwa na nani, alisaidiwa na majirani gani na nani walikaa kimya. Na kijana wa leo akigundua kwamba baadhi ya stori za kula watu hazikuthibitishwa, anaruka moja kwa moja kuamini kuwa hata wale wafu hawakuwepo.

Ya tatu ndiyo wanayoitaja wote, The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Forest Whitaker aliicheza nafasi ile kwa kiwango cha kutisha, akajifunza Kiswahili kwa ajili yake, na Oscar akaichukua kihalali. Hapo hakuna ubishi. Lakini yule daktari kijana wa Kiskoti anayebeba muvi nzima, Nicholas Garrigan, hakuwahi kuwepo. Ni mtu wa riwaya ya Giles Foden. Kwenye muvi anapendana na Kay, mke wa Amin, na kifo cha Kay kinakuwa adhabu ya penzi hilo. Kay wa kweli alikufa mwaka 1974 na mwili wake ukakutwa umekatwakatwa, lakini hakukuwa na Mskoti yeyote. Muvi ilichukua msiba wa mwanamke wa Uganda ikaugeuza kuwa matatizo ya kimapenzi ya kijana wa Kizungu. Waganda wanapita nyuma yake kama mapambo, wanacheza ngoma, wanakufa, yeye anapanda ndege.

Hapo mchambuzi wa chaneli ana hoja, na apewe haki yake. Ni kweli hizi muvi nyingi zilitengenezwa kwa macho ya watu wa nje. Ni kweli zinapenda Mwafrika awe mwenda wazimu na Mzungu awe shahidi. Tukio la Entebbe la Julai 1976, makomando wa Israel walipokuja kuwaokoa mateka, lilichukua kama dakika 90 pale uwanjani. Limetengenezewa filamu Victory at Entebbe, Raid on Entebbe, Operation Thunderbolt, na nyingine tena mwaka 2018. Muvi nne kwa dakika 90. Vita vya Kagera vilivyomng'oa Amin vilichukua miezi, vikahusisha majeshi ya nchi tatu, na mtaani ukiuliza muvi yake hakuna anayekutajia jina.

Kosa linakuja hatua inayofuata. Hollywood imekudanganya, sawa. Sasa wewe unaondoa uongo wa Hollywood unaweka wa TikTok, halafu unaita hiyo kusanuka. Muvi ilimfuta Mganda ili Mskoti aonekane. Tisheti inamfuta Mganda yuleyule ili Amin aonekane. Kwa aliyefutwa, tofauti iko wapi?

Basi watajwe waliofutwa, angalau wachache.

Benedicto Kiwanuka alikuwa gerezani chini ya Obote. Amin alipoingia madarakani alimwachia huru, kisha akamfanya Jaji Mkuu. Watu wakasema mnaona, jamaa ana utu. Mwaka 1972 Kiwanuka aliamuru Mwingereza mmoja aliyekamatwa na wanajeshi kinyume cha sheria aachiwe. Septemba mwaka huohuo watu wenye silaha walimfuata ndani ya jengo la Mahakama Kuu, wakamtoa mchana kweupe, na hakurudi. Jaji Mkuu wa nchi. Ofisini kwake.

Askofu Mkuu Janani Luwum alisaini barua yeye na maaskofu wenzake kulalamikia mauaji. Februari 1977 aliuawa, na serikali ikasema ni ajali ya gari.

Halafu yuko Byron Kawadwa, na huyu staa wetu angepaswa kumjua kuliko wote, maana alikuwa msanii mwenzake. Alikuwa mwandishi wa tamthilia na mkuu wa jumba la maonyesho la taifa, Kampala. Mwanzoni mwa 1977 alipeleka igizo lake lenye nyimbo Lagos, kwenye tamasha kubwa la sanaa la FESTAC, ambako wasanii weusi kutoka dunia nzima walikusanyika. Aliiwakilisha Uganda, akarudi nyumbani. Muda si mrefu vijana wa Amin wakamchukua, na akauawa. Kosa lake lilikuwa igizo. Kwa hiyo msanii anapoweka sura ya Amin kifuani, amemvaa mtu ambaye wasanii wa aina yake aliwaua. Asingekuwa na muda wa kutafuta kiki. Angekuwa anatafuta njia ya kuvuka mpaka.

Makadirio ya waliouawa katika miaka ile minane yanaanzia watu 80,000 na kufika 300,000, na wapo wanaotaja zaidi ya hapo. Hakuna anayejua idadi kamili, kwa sababu waliokuwa wanaua ndio waliokuwa na madaftari.

"Lakini aliwafukuza Wahindi, uchumi ukarudi kwa wazawa." Hii ndiyo karata yao kubwa, na inagusa kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake. Mkoloni alipanga biashara Afrika Mashariki kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini akibeba gunia. Hasira ya mwenye kubeba gunia ilikuwa na msingi. Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke, na makumi ya maelfu wakaondoka wakiacha maduka, viwanda na nyumba walimozaliwa.

Nani alipata maduka yale? Mbeba gunia hakupata. Yalikwenda kwa maofisa wa jeshi na marafiki zao. Waganda wakawapa jina kwa Kiswahili: mafutamingi. Wengine walipouza shehena iliyokuwa dukani walishindwa kuagiza nyingine, kwa sababu walikuwa hawajui hata bei ya kununulia. Sukari ikapotea katika nchi yenye mashamba ya miwa. Sabuni ikapotea, chumvi ikapotea. Maisha yakahamia kwenye magendo, na neno hilo la Kiswahili likawa jina la uchumi mzima wa nchi. Ukitaka kuona wenye nchi walifaidi nini, uliza Mganda wa umri huo alikuwa anaoga na nini.

Na Kiswahili chenyewe? Wapo wanaompa sifa kwa kukitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Ni kweli alitangaza, kwa amri. Lakini Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa askari mwenye bunduki, usiku. Kwao ikawa lugha ya kuamriwa ulale chini na utoe saa. Hata leo ukienda Kampala ukawauliza watu wazima kwa nini wanakikwepa, wengi watakurudisha huko huko. Anayekipenda Kiswahili ana sababu ya kumdai Amin fidia.

Sasa turudi ng'ambo ya mto, kwa bibi wa dada yule.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wakati Tanzania haikuwa imejiandaa. Yakateka ardhi yote kaskazini mwa Mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa, wanawake wakabakwa, na vitabu vya vita hivyo vinataja raia wapatao 1,500 waliouawa. Wengi wao walikuwa watu wa migomba na ng'ombe. Hawakuwa mabeberu. Hawakuwa na ubalozi. Waliuawa na "Mwamba wa Afrika" wakiwa Waafrika, kwenye mashamba yao, wakiwa hawajamkosea kitu.

Tarehe 2 Novemba Nyerere akazungumza na taifa, na yale maneno yake matatu, sababu, uwezo na nia, kila mzee wa Tanzania anayajua kwa moyo. Vijana wa miaka 18, 20, 22, rika la wanaopiga laiki leo, wakapanda malori na mabehewa kwenda mbele. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nao. Wapo waliorudi. Wapo waliolala Kaboya, mkoani Kagera, kwenye makaburi ya mashujaa. Nyumbani, Watanzania waliambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18, na kila aliyepanga foleni ya unga miaka ile anajua mkanda ule haukufunguka baada ya miezi 18.

Na kwa wale wanaoposti Amin Jumatatu na Gaddafi Jumanne: Gaddafi alimpelekea Amin wanajeshi na silaha wapigane na Watanzania. Vijana wa Libya walikufa Lukaya na Entebbe, mbali na makwao, kwenye nchi ambayo wengi wao hawakujua walifuata nini. Ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, ikakosea ikaangusha mabomu Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Mkazi wa Mwanza anayebandika picha za hao wawili kwenye bodaboda yake angeuliza kwanza kwao mabomu yalikuwa yaangukie mtaa gani.

Kusema haya hakumfanyi mtu awe kibaraka wa Wazungu. Wala hakuhitaji kupaka vita vile rangi nyeupe. Miji ya Masaka na Mbarara ilibomolewa na jeshi la Tanzania kulipiza yaliyofanyika Kagera, na waliokuwa wakiishi humo walikuwa raia. Baada ya Amin akarudi Obote, na damu ikaendelea kumwagika Uganda. Anayependa historia anapaswa kuvibeba vyote hivyo, hata vinavyomuuma. Asiyetaka kuumia ashike ushabiki wa mpira, huko angalau msimu unaanza upya.

Na jambo hili halikuishia 1979. Angalia siasa za dunia zinavyoliwa siku hizi. Mwanajeshi anapindua serikali mahali fulani Afrika, anavaa kombati, anamsema Mfaransa au Mmarekani kwa ukali, na kabla jua halijazama ameshawekewa muziki, ameshaitwa simba, ameshalinganishwa na Sankara. Hakuna anayesema kila mwanajeshi ni Amin. Huenda wapo wenye nia njema, na hasira dhidi ya wakubwa wa dunia ina sababu zake za kutosha. Lakini tarehe 25 Januari 1971 barabara za Kampala zilijaa watu wakicheza. Walikuwa na sababu pia. Walimchoka Obote, Waganda wa Buganda walikuwa na kidonda cha Kabaka wao kufukuzwa, na Amin aliwaachia wafungwa, akaurudisha mwili wa Kabaka Mutesa kutoka Uingereza. Alikuwa na kila kitu ambacho kingempa wafuasi milioni leo: mcheshi, bondia, mrefu, hajui kuogopa. Mwaka mmoja na miezi minane baadaye Jaji Mkuu akatoweka.

Kuwatukana wakubwa wa dunia ni rahisi, na kunaleta makofi haraka. Kipimo cha kiongozi kiko kwingine: mwandishi wa igizo analala wapi usiku? Jaji akitoa hukumu asiyoipenda, kesho anaingia ofisini? Jirani mdogo ng'ambo ya mto, yuko salama? Amin alifeli maswali yote matatu. Mwisho alikufia Jeddah mwaka 2003, kitandani, bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Wale waliompoteza mtu hawakupata hata siku moja ya kumwangalia usoni na kumuuliza. Kilichobaki kwao ni kumbukumbu, na sasa hata hiyo wanaambiwa ni povu.

Kwa hiyo staa avae anachotaka, nchi ina uhuru, ambao Kawadwa hakuwa nao. Lakini yeye na mchambuzi wake wana kazi rahisi tu ya kufanya kabla ya posti inayofuata. Kipo kitabu kwa Kiswahili, Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, kilichotoka 1980. Kipo cha Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Amin mwenyewe, akatoroka na kuandika A State of Blood mwaka 1977 wakati bosi wake wa zamani bado yuko Ikulu. Huyo hakuhadithiwa, alikuwa chumbani. Na asiyependa kusoma ana njia fupi zaidi: karibu kila ukoo Tanzania una mzee mmoja aliyekwenda Kagera, anayekaa kimya kwenye shughuli, anayeulizwa habari za mpira tu. Shikamoo moja na kikombe cha chai vinatosha. Bando halihitajiki.

Wenye kamera nao, wanaolalamika hakuna stori, wakati kila wiki inatoka tamthilia nyingine ya mchepuko na mama mkwe: mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mtumbwi, mto, usiku wa 1978. Wasiposimulia wao, atakuja mtu kutoka mbali, naye ataweka daktari wa Kiskoti ndani ya ule mtumbwi.

Staa, inasemekana, aliifuta picha baada ya wiki. Hakuomba radhi. Alikuwa ameshapata wimbo mpya. Swali la dada likafutika nalo, bila jibu.

Babu yake hana picha. Alikuwa mfugaji, hakuwahi kusimama mbele ya kamera. Hata kama mjukuu angetaka kumvaa kifuani, hana cha kupeleka kwa mchapaji.